Uso wa Tairi na Mbavu Zake

Ukitaka kujua jinsi matairi ya pikapu yanavyokufa hapa Kasumbalesa, dukani hutapata jibu. Nenda kando ya Barabara ya Taifa namba 1, pale kwado anapofanyia kazi chini ya turubai lake, ukaangalie rundo la matairi yaliyomshinda. Kwado ni fundi wa pancha. Kongo nzima tunamwita hivyo. Geuza moja, geuza la pili. Utaona mengi bado yana meno, tena marefu, ambayo mwenyewe angeweza kuyatembelea msimu mwingine mzima. Kifo hakikuingilia usoni. Kiliingilia ubavuni: mpasuko wa urefu wa kidole, uvimbe unaojaa kiganja, au, ukichungulia ndani, unga mweusi wa mpira uliosagika kwa sababu tairi lilikimbizwa likiwa na upepo nusu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi. Nanunua kwa wakulima walioko ndani ndani, upande wa Mokambo na Sakania, naleta Kasumbalesa, na bei ikiwa nzuri napandisha hadi Lubumbashi. Pikapu yangu ni Hilux ya milango miwili, naiendesha mwenyewe. Kwa hiyo ninaishi na barabara mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ni lami ya kwenda Lubumbashi, kilomita tisini na zaidi, iliyojaa malori ya shaba na kobalti. Nyingine ni njia ya udongo inayokata msitu wa miombo, nyekundu kiangazi, nyekundu zaidi masika. Wafanyabiashara wenzangu, hasa akina mama wanaonunua pikapu yao ya kwanza, huniuliza: ninunue pine gani, yaani tairi gani? Jibu langu halijabadilika. Angalia mbavu, angalia uzito linaoweza kubeba, angalia tarehe ya kuzaliwa. Meno yaje mwisho.

Najua jibu hilo linawakatisha tamaa, kwa sababu meno ndiyo yanayouza tairi. Muuzaji anapitisha kiganja juu ya vile vipande vikubwa vya mpira na kusema, "Mama, hii itapita popote." Hakuna tairi la kupita popote. Kuna aina tatu ambazo mwenye pikapu hukutana nazo, na kila moja imeacha kitu ili ipate kingine. Tairi la lami, linaloandikwa H/T, lina mifereji myembamba na meno mafupi. Halipigi kelele, linashika breki vizuri kwenye lami yenye maji, na halimalizi mafuta. Tairi la matope, M/T, lina mabonge makubwa yaliyoachana mbali ili udongo upate pa kutokea. Kwenye lami linaunguruma, linaisha haraka, na mvua ikinyesha breki zake hazitegemeki. Katikati yake ndipo lilipo tairi la A/T, la njia zote. Meno yake ni marefu kuliko ya tairi la lami, kwa kawaida milimita 11 hadi 13 likiwa jipya, mpira wake umechanganywa ili usibanduke vipande kwenye changarawe, na mifereji yake ina upana wa kutosha kutema kokoto. Aina hii ya tairi la radiali kwa pikapu si ya kale. BFGoodrich walitoa lao la kwanza mwaka 1976, wakalipima kwenye mashindano ya jangwani kule Baja, Mexico, na wengine wote wakafuata.

Kwa mtu anayelala Kasumbalesa na kuamkia Lubumbashi bila kuingia shamba lolote, sioni sababu ya kulipia A/T. Anunue tairi la lami lenye herufi C mwishoni mwa saizi, lile linalotengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo, atapata tairi imara na fedha itabaki. A/T ni letu sisi tunaotoka kwenye lami kila wiki na kurudi kwenye lami siku hiyo hiyo.

Sasa mbavu. Msitu wetu wa miombo unakatwa ili kuchomwa makala, yaani mkaa. Mji wa Lubumbashi unapika kwa makala, na makala hayo yanatoka pande zote zinazouzunguka, huku Sakania pia. Mchoma makala hakati mti hadi ardhini. Anaacha kisiki cha kufika kifundo cha mguu au goti. Baada ya mwaka mmoja nyasi zimekifunika. Njia inapoharibika, madereva wanafungua njia mpya pembeni yake, halafu nyingine pembeni ya ile, na zote zinapita juu ya visiki. Kisiki cha mti mgumu kilichokatwa mshazari kwa shoka ni mkuki. Usoni mwa tairi kuna mikanda ya chuma chini ya mpira, kwa hiyo kisiki kikigonga hapo mara nyingi kinashindwa. Ubavuni hakuna mkanda wa chuma. Kuna nyuzi za poliesta tu, tabaka mbili katika matairi mengi ya kawaida, na mpira mwembamba juu yake. Baadhi ya matairi ya A/T yana tabaka tatu ubavuni na meno madogo yanayoshuka hadi begani. Hilo tabaka la tatu ndilo ninalolipia. Kwa kuwa tundu la ubavuni halizibwi likazibika, tofauti ya tabaka moja inaweza kuwa tofauti ya kufika nyumbani na kulala porini na mzigo wa mkulima.

Si porini tu. Kwenye lami foleni ya malori kuelekea mpakani ikisimama, sisi wenye magari madogo tunashuka pembeni ya barabara ili tuipite. Ukingo wa lami umemegwa na magurudumu ya malori hadi ukawa ngazi yenye makali. Kupanda tena ukiwa umepinda usukani kidogo tu ni kuusugua ubavu kwenye ngazi hiyo. Na pale pembeni ndipo kinapoishia kila kitu kinachoanguka kutoka kwenye malori: boliti, misumari ya mbao za mizigo, na nyaya za chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Waya wa tairi la lori ni mwembamba, huuoni, na unaingia polepole. Tairi linakuwa linapungua usiku, asubuhi unajaza, jioni limelala tena, na wewe unalaumu valvu.

Ubavu huo huo ndio unaobeba maandishi, na anayejua kuyasoma hadanganywi. Chukua saizi inayovaliwa na Hilux nyingi: 265/65R17 112S. Tairi lina upana wa milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Herufi R inasema nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ndilo tairi la radiali. Rimu ni inchi 17. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, ambao hapa hautuhusu. Namba inayotuhusu ni 112, na ndiyo wauzaji wanayoiruka. 112 maana yake tairi hilo moja, likiwa na upepo kamili, linabeba kilo 1,120. Ukiona 116 ni kilo 1,250. Ukiona 120 ni kilo 1,400.

Mtu anaweza kupiga hesabu ya haraka akaridhika: mara nne kilo 1,120 ni karibu tani nne na nusu, na pikapu yangu na mzigo wake havifiki huko. Lakini mahindi hayakai kwenye injini. Yanakaa nyuma. Magunia ishirini ya kilo hamsini ni tani moja, na karibu yote inakalia matairi mawili ya nyuma, juu ya uzito wa gari lenyewe. Ongeza magunia kumi "ya haraka tu, mama, hadi barabarani," ongeza watu wanne wanaokaa juu ya magunia kama ilivyo desturi yetu, halafu uangukie shimo. Wakati wa kugonga, mzigo unaolikandamiza tairi ni mkubwa kuliko ule uliopimwa gari likiwa limesimama. Ndiyo maana mimi natafuta A/T zenye herufi LT mwanzoni mwa saizi, zenye 120 au karibu yake. Sizitafuti ili nibebe zaidi. Ninabeba kile kile, na tairi linabaki na nafasi ya kupumua.

Hapo utakutana na maandishi mengine: 10PR. Muuzaji atakuambia tairi lina tabaka kumi. Halina. Zamani matairi yalipojengwa kwa nyuzi za pamba, nguvu ilihesabiwa kwa idadi ya tabaka za pamba. Pamba ikaondoka, ikaja nailoni, poliesta na chuma, na kipimo kikabaki. 10PR inasema tairi lina nguvu ya lile la tabaka kumi za pamba, ingawa ndani mna mbili au tatu tu. Ni sifa nzuri ya tairi. Idadi halisi ya tabaka imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, ya usoni peke yake na ya ubavuni peke yake. Omba tochi uisome.

Kisha tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo, wakati mwingine ndani ya duara dogo la yai, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo ndiyo tarehe tairi lilipozaliwa, na haifutiki kwa kupakwa rangi nyeusi wala kwa kufungwa karatasi mpya. Mpira unazeeka hata ukiwa haujatembea. Hewa na joto vinaukausha, unapoteza ulaini, na nyufa ndogo zinaanza kati ya meno na chini ya bega. Michelin wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama linang'aa. Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingine. Viwanda vya matairi vya karibu nasi vimefungwa. Kile cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na kule Nairobi, Sameer, waliotengeneza matairi ya Yana, waliacha kutengeneza mwaka 2016. Tairi letu linakuja kwa meli, linakaa bandarini Dar es Salaam au Durban, linapanda lori, na kutoka Dar peke yake ni karibu kilomita 2,000 hadi mpakani hapa. Linaweza kulala kwenye bohari, na kwenye jua la nje ya duka, kabla hujaliona.

Matairi ya mtumba kutoka Japani na Ulaya yanauzwa wazi hapa, na sitawaambia watu wasinunue, kwa maana najua faida ya gunia la mahindi ni ndogo kiasi gani. Nitasema tu: soma zile tarakimu nne kabla ya kuangalia meno. Tairi lililovuliwa Ulaya likiwa na meno mazuri, mara nyingi limevuliwa kwa sababu ya umri. Ingiza mkono ndani, upitishe vidole kuzunguka ubavu wote. Ukikuta kiraka, mkwaruzo wa duara au mahali palipovimba, rudisha. Muzee mmoja kwado, ambaye namtegemea kuliko duka lolote, aliwahi kuuondoa mkono wangu kwenye A/T moja iliyokuwa inavutia kweli. "Mama, uso iko muzuri, lakini mbavu ilisha kufa," akaniambia, akakunja ubavu kwa magoti yake mawili hadi nyufa zikafunguka zote mara moja, nyembamba na nyingi, kuzunguka tairi zima. Bila kulikunja hungeziona.

Wengine wanavuka kununua Zambia, Chililabombwe, Chingola au hata Kitwe, ambako maduka yanafunga tairi kwa mashine na kulisawazisha kwa vipande vya risasi hapo hapo. Ni safari yenye maana ukibadilisha yote manne. Ukumbuke kubadilisha upande wa barabara ukivuka, wao wanapita kushoto, na upige hesabu ya ushuru wa kurudi kabla hujafurahia bei ya kwacha.

Kuhusu kuongeza ukubwa. Vijana wanapenda kupandisha kutoka 265/65 hadi 265/70 kwenye rimu ile ile. Kimo cha tairi zima kinatoka milimita 776 hadi 803. Gari linainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, milimita 13 tu, upana wa kidole. Kwa kidole hicho utalipa hivi: saa ya mwendo ikionyesha 100 wewe uko 103 na zaidi, injini inavuta mzigo kwa shida kwenye mlima, na ukipinda usukani hadi mwisho tairi linaweza kukwaruza plastiki ya ndani. Aliye na haja ya kweli ya kimo afanye kazi ya springi kwanza. Mimi nimebaki na saizi iliyoandikwa mlangoni.

Nije kwenye matope, kwa sababu hapa watu wanaahidiwa mengi. Mvua zetu zinaanza kushika Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Ardhi ya Katanga haina tope la aina moja. Pale penye changarawe nyekundu, hata mvua ikinyesha siku nzima, A/T inashika kwa raha. Lakini msitu wetu umejaa vichuguu vikubwa, virefu kuliko nyumba, na udongo wake ni mfinyanzi mtupu. Ndio tunaofyatulia matofali. Njia inapopita kwenye mguu wa kichuguu, udongo huo ukilowa unajaza mifereji ya A/T katika mizunguko michache ya gurudumu. Baada ya hapo huna meno tena, una pipa laini la udongo. Kukanyaga mafuta kwa nguvu kunaweza kulitema tope, kwa matairi ya M/T zaidi kuliko A/T, lakini ukiwa na mzigo nyuma mara nyingi unajichimbia kaburi. Hapo kinachosaidia ni koleo, matawi, na kupunguza upepo.

Kupunguza upepo kunafanya kazi kweli. Tairi likilegea, sehemu inayokanyaga ardhi inarefuka, mzigo unatawanyika, na gari linaacha kuzama. Pikapu ikiwa tupu nashusha hadi kilo moja na nusu. Ikiwa na mzigo sishuki hivyo, napakua magunia kwanza, maana ubavu uliolegea chini ya tani moja unabanwa kati ya rimu na jiwe na kukatika nyuzi pande zote mbili kwa mara moja. Na ukishatoka, unajaza upepo kabla ya kuendelea. Si ukifika lami, bali kabla. Kipampu kidogo kinachochomekwa kwenye betri ni sehemu ya tairi la A/T. Asiyekuwa nacho asishushe.

Neno hilo kilo linahitaji kuelezwa kwa wasomaji wa mbali. Huku, kwa desturi ya Kifaransa, upepo unahesabiwa kwa kilo. Kilo moja ni karibu bar moja. Ng'ambo Zambia mashine itakuandikia 100, au 14 na nusu, na kitu ni kile kile. Nimewaona madereva wakibishana mpakani kuhusu 2.4 na 240 na 35, wote wakisema jambo moja.

Hewa ndiyo inayobeba mahindi yangu. Mpira unaishikilia tu. Ukweli huu ukikaa kichwani, mengine yote yanajipanga. Tairi la kilo 1,400 linabeba kilo 1,400 likiwa na upepo linaoudai, na matairi ya LT yanadai upepo mwingi kuliko yale mepesi ili kubeba mzigo ule ule. Mtu anavua matairi ya kawaida, anavaa LT nzito, anajaza kilo mbili na kidogo kama zamani, anapakia tani, anakimbia Lubumbashi saa saba mchana. Ubavu unakunjwa na kunyooka kila mzunguko. Chukua waya, ukunje na kuunyoosha haraka haraka, utaona unavyopata moto kabla haujakatika. Ndivyo inavyotokea ndani ya tairi, mamia ya mara kwa dakika. Joto linalegeza gundi kati ya mpira na nyuzi, na tairi linafumuka. Watu watasema lilikuwa tairi bovu. Ule unga mweusi niliousema mwanzo ndio ushahidi.

Kwa hiyo napima asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi lililotembea lina joto na linaonyesha upepo mwingi kuliko lilionao kweli. Ukiupunguza hapo umejidhulumu. Majira nayo yana neno. Juni na Julai kwetu ni baridi, alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana ikarudi 25. Tofauti hiyo peke yake inabadilisha kipimo kwa karibu sehemu mbili za kumi za kilo. Tairi lililojazwa vizuri katika joto la Oktoba litakuwa na njaa Juni bila kutobolewa na kitu chochote.

Kinachonivutia kuliko vyote kwa kwado ni moto wake. Land Cruiser nyingi za kazi, zile za 7.50R16, bado zinatumia tyubu, na tyubu iliyotobolewa anaiziba hivi. Anaikwaruza mahali penye tundu hadi mpira ugeuke rangi. Anaweka juu yake kipande cha mpira mbichi, laini, kisichozidi sarafu. Anachukua pistoni ya zamani ya injini, anaikalisha juu ya kipande hicho, anaibana yote kwa kibano cha chuma hadi tyubu ibinyike. Ndani ya kikombe cha pistoni anamimina petroli kidogo na kuwasha. Moto unawaka wenyewe, mfupi, hadi petroli iishe. Anaacha ipoe bila kuigusa, na huko kusubiri ndiko kunakomtofautisha na wenye haraka. Akifungua, kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Huwezi kuingiza ukucha kati yake. Hicho ndicho alichogundua Charles Goodyear, Mmarekani, mwaka 1839: mpira uliochanganywa na salfa ukipata joto unaacha kunata na kuyeyuka, unakuwa imara. Kwado wangu hajui jina hilo na anaijua kazi hiyo barabara.

Na sisi Wakongo tunajua ilivyoendelea. Mwaka 1888 Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo, alilolitengeneza kule Belfast kwa ajili ya baiskeli, na dunia ikaanza kutafuta mpira kwa pupa. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala nchi yetu kama mali yake tangu 1885 hadi 1908, aliwalazimisha watu kuingia msituni kukamua utomvu wa mitambaa, na walioshindwa kutimiza kipimo walichapwa, walikatwa mikono, waliuawa. Siwezi kushika tairi nikasahau hilo. Babu zetu waliulipia mpira kabla hata hatujawa na barabara ya kuutembelea, na kulitunza tairi moja lifike mwisho wa umri wake naona ni heshima ndogo iliyo ndani ya uwezo wangu.

Utunzaji wenyewe hauna siri. Nikirudi kutoka shamba nachukua bisibisi butu na kung'oa kokoto zilizonasa kwenye mifereji, maana kokoto iliyokaa pale inachimba kidogo kidogo kila gurudumu likizunguka hadi ifikie mikanda ya chuma, na maji yakiingia hapo chuma kinaoza. Matairi mazuri ya A/T yana vituta vidogo chini ya mfereji vya kuzitema, lakini changarawe zetu zina pembe na nyingine hazitoki. Kila kilomita elfu nane au kumi nabadilishanisha ya mbele na ya nyuma, kwa sababu ya mbele yanaliwa mabegani na usukani, na ya nyuma hayaliwi hivyo. Yakiisha upande mmoja tu, tatizo liko kwenye miguu ya gari. Kununua tairi jipya kabla ya kuinyoosha miguu hiyo ni kulitupa. Kwenye pikapu ya magurudumu manne yanayovuta, matairi yote yawe saizi moja na yamechakaa kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo ukifunga gia ya mbele ekseli zinashindana. Na tairi la akiba lipimwe upepo pamoja na mengine. Linakaa chini ya gari, halionekani, na wengi wanakumbuka kulipima siku wanapolihitaji.

Tundu la usoni, kati ya mabega mawili, linazibwa: uzi wa kuzibia njiani, halafu kiraka cha ndani ukifika kwa fundi. La begani na la ubavuni nakataa, hata nikiambiwa litafika Lubumbashi tu.

Kisha linakuja swali la lini kuvua. Ndani ya mifereji kuna vituta vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6, meno yakilingana navyo tairi limekwisha, na kwenye lami yenye maji limekwisha mapema zaidi. Mimi nikienda shamba masika natafuta mapya meno yakibaki milimita nne, kwa sababu chini ya hapo A/T inakuwa tairi la lami lenye kelele. Yaliyovuliwa hivyo yanaweza kumaliza umri wake kiangazi.

Yaliyokwisha kabisa yana soko, na hapo ndipo nasisitiza kuliko popote. Kuna watu wanaochukua tairi lenye kipara, wanalichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, wanalipaka rangi nyeusi, na linauzwa kando ya barabara. Matairi ya malori yaliyoandikwa ubavuni kwamba yanaruhusu kuchongwa yana mpira wa ziada kwa kazi hiyo. La pikapu halina. Kisu kinakaribia mikanda ya chuma, na atakayelinunua ni mtu asiye na uwezo wa kununua jingine, atapakia watoto na magunia. Kwa hiyo silitoi tairi zima. Namwomba Muzee achukue kisu, atoboe ubavu na kuukata kuzunguka hadi nusu, mbele yangu. Baada ya hapo ni lake: atatoa soli za katambuga, atatoa kamba za mpira ambazo waendesha baiskeli wa hapa mpakani wanafungia magunia yao ya unga, na hakuna atakayeweza kulirudisha kwenye rimu.